Mfungwa Amwitaye Mke Wangu Mkewe

Kijiji cha misheni, Bagamoyo. Mwaka 1887.

Jumanne, 1 Machi

Daftari hili nimepewa na Padri niandike mbegu: ipi imepandwa lini, ipi imeota, ipi imekufa. Mbegu nitaziandika. Lakini kurasa ni nyingi kuliko mbegu, nami nina maneno mengi kuliko watu wa kuyasikiliza, basi mengine nitayaandika humu humu.

Leo Padri aliniita mbele ya watu. Wafungwa wa Liwali wanaugua kiseyeye. Fizi zimevimba, meno yanacheza, miguu ina madoa meusi, na wawili wamekwisha kufa. Bwana Azzan, msimamizi wa gereza, alikuja mwenyewe kuomba dawa. Padri akamwambia dawa ni mboga za majani na ndimu, na kwamba misheni ina mtu anayejua bustani kuliko yeyote katika pwani hii. Mtu huyo ni mimi, Kasian. Alisema hivyo hivyo, "kuliko yeyote", na sioni haya kuyaandika.

Mke wangu Marselina aliposikia alicheka. "Utawafundisha watu wa minyororo kula mchicha?"

"Na kuulima," nikamwambia. "Na wewe utawafundisha kuupika. Padri amesema mboga ikipikwa ovyo haina kazi."

Tumeoana tangu Agosti. Bado nikimwona anakuja kutoka kisimani huacha ninalolifanya.

Jumamosi, 5 Machi

Siku ya kwanza gerezani. Wafungwa ni kumi na watatu. Kumi na wawili wamefungwa wanne wanne kwa mnyororo wa shingoni. Wa kumi na tatu ni mzee Ausi, mpagazi wa zamani kutoka Unyamwezi, ambaye ana pingu ya mguu tu kwa kuwa hawezi kukimbia hata akifunguliwa. Nyuma ya gereza kuna ua wa hatua arobaini, mchanga mtupu na maganda ya nazi.

Nilisimama mbele yao na shati langu la Jumapili nikawaeleza. Kila mtu atakuwa na tuta lake. Kila mtu atapalilia lake, atamwagilia lake, na mwisho tutaona tuta la nani limestawi. Ndivyo nilivyofundishwa misheni nikiwa mdogo.

Mmoja akainua mkono. Kijana mrefu, pengo la jino mbele, katikati ya mnyororo wa pili.

"Mwalimu, samahani. Mimi nikienda kwenye tuta langu na huyu akienda kwenye lake, shingo zetu zitabaki na nani?"

Walicheka wote. Askari mlangoni alicheka. Bwana Azzan naye akajifanya anakohoa. Nikasema tuta litakuwa moja kwa kila mnyororo, kana kwamba ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Jina lake Kitwana. Mkwere wa Fukayosi. Yuko ndani kwa kumpiga askari aliyemchukulia mbuzi.

Jumatano, 9 Machi

Tumelima. Wanne wakiwa kwenye mnyororo mmoja, mmoja akiinama wote huinama, apende asipende. Mnyororo wa Kitwana umemaliza kabla ya wengine kwa sababu ameweka wimbo wa kuinamia. Sasa minyororo mingine nayo inauimba. Sikuwafundisha mimi.

Jumatatu, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Nimesia kabichi, mbegu ya Padri iliyotoka Ulaya ndani ya kopo. Niliwaambia hiyo ni mboga ya watu wazima. Kitwana akachukua mbegu moja akaiviringisha kidoleni.

"Mwalimu, hii masika itaikubali?"

"Misheni inakubali."

"Misheni mnaisia Juni, mvua ikiisha. Niliwahi kupita nikaona."

Ni kweli tunaisia Juni. Nilimwambia afunge mdomo alime.

Ijumaa, 25 Machi

Kabichi imeoza yote. Shina likiguswa linabaki mkononi.

Lakini kwenye ukingo wa ua kuna mchicha umeota mzito, na mnavu, na mlenda. Kitwana alimwomba askari mbegu za mboga zinazojiotea njiani, akazisia nyuma ya mgongo wangu. Na matuta yake ameyalaza kukingama na mteremko, maji hayana njia ya kuchukua udongo. Yangu yalifuata mteremko. Yamekwenda baharini.

Bwana Azzan alikuja akatazama. Akasema, "Mwalimu, kazi nzuri," huku akinyoosha kidole kwenye mchicha wa Kitwana. Nikasema ahsante. Kitwana alinitazama tu, wala hakusema neno, na hilo ndilo lililonichoma. Angesema, ningepata la kujibu.

Naandika wazi kwa kuwa daftari hili halina mdomo: namwonea wivu mtu aliyefungwa mnyororo shingoni.

Jumamosi, 26 Machi

Neno kubwa. Bwana Azzan ametutangazia wote uani. Idd hii Liwali atamfungua mfungwa mmoja. Waliobaki, masika ikiisha, watapelekwa Unguja ngomeni. Kila mtu hapa anajua waendao kule wanaorudi ni wachache.

"Na wa kufunguliwa," akasema, "atatajwa na Mwalimu. Yeye ndiye anayewaona kazini."

Wakanigeukia wote kumi na watatu. Sijapata kutazamwa namna ile. Nakiri kwamba nilipenda.

Jumamosi, 2 Aprili

Mchicha umefika wa kuchumwa, basi leo Marselina alikuja kupika. Wafungwa hawakuutaka. Mmoja wa Mapinga alisema, "Mimi nimekula wali kwa papa maisha yangu yote, leo nilishwe majani, mimi mbuzi?"

Marselina akamwambia, "Mbuzi umewahi kumwona na kiseyeye?" Akaanza kuwafundisha. Majani huoshwa kabla ya kukatwa, si baada. Maji ya kuchemshia hayamwagwi, hunywewa. Chungu kisikae motoni mpaka mboga igeuke nyeusi. Ndimu hukamuliwa mwisho, chungu kikiwa chini. Alipomwonjesha mzee Ausi alisema naye maneno ya Kinyamwezi. Ausi alishika kichwa kwa mikono miwili akajibu haraka haraka, machozi yakimtoka. Marselina alichukuliwa kwao akiwa mkubwa kidogo, lugha anayo. Mimi nililetwa misheni mgongoni mwa mtu, sijui hata nilitoka upande gani.

Nikaenda kisimani kuchota maji. Niliporudi nikamsikia Kitwana, sauti juu, watu wote wanasikia:

"Mke wangu! Nani kakupa ruhusa ya kuolewa hali mimi niko kifungoni?"

Na Marselina, mke wangu wa ndoa ya kanisani, akamtupia ganda la ndimu usoni akasema, "Mbwa wewe! Ningeolewa na wewe ningekula nini, mnyororo?"

Alikuwa anacheka. Sijapata kumwona anacheka vile, mabega yote yanatikisika. Niliweka ndoo chini, maji yakamwagika nusu.

Jumapili, 3 Aprili

Matawi. Sikuwa na moyo wa kusali. Njiani kutoka kanisani nikamuuliza Marselina.

"Yule ni mtani wangu, Kasian."

"Mtu wa mzaha, naona. Hata mimi najua kutania."

"Hujui. Siyo mzaha wa hivyo hivyo. Kwetu ni hivyo."

"Kwetu ni hapa," nikasema. "Misheni. Kwako na kwangu."

Akatangulia mbele mpaka nyumbani. Masista walitufundisha kwamba matusi ni dhambi na mke wa mtu ni mke wa mtu. Sioni kama kuna jambo jingine la kueleza.

Jumapili, 10 Aprili

Pasaka. Mvua tangu asubuhi.

Jumatano, 13 Aprili

Mboga za kunde za kwanza. Kitwana alichuma zake akaziweka juu ya jani la mgomba. Marselina akapita akazizoa zote, hakuomba, akazitia chunguni. Kitwana akasema, "Chukua, chukua. Ukifa nitakusukumia kaburini kwa teke." Akajibiwa, "Utatangulia wewe, nami nitakuzika uchi."

Maneno ya kifo, wanacheka! Mzee Ausi naye akachekea pembeni, na wale wengine wanatikisa vichwa vizuri tu. Kwa hiyo wanajua. Wote wanajua kinachoendelea kati ya hawa wawili isipokuwa mume.

Jumamosi, 16 Aprili

Fizi za watu zimeanza kushuka. Yule wa Mapinga ametafuna hindi la kuchoma mbele yangu kunionyesha. Padri amefurahi, ameandika barua Ulaya. Katika barua kuna jina langu.

Jumatano, 20 Aprili

Leo Kitwana alimpokonya Marselina leso. Alikuwa ameiweka begani, naye akaivuta, akajifunga kichwani, akasema, "Hii mahari yangu, narudishiwa." Marselina alirudi nyumbani bila leso. Amepita njia nzima, mbele ya maduka ya Wahindi, mbele ya watu wa misheni, bila leso.

"Iko wapi?"

"Kachukua Kitwana. Akipenda atarudisha, asipopenda basi."

"Na wewe umemwacha?"

"Nifanyeje? Nimemwambia ni haki yake."

Haki yake. Nimeandika neno hilo mara tatu pembeni ya ukurasa, kisha nikalifuta.

Ijumaa, 22 Aprili

Sikumwacha aende gerezani leo. Nilisema ana homa. Padri akaja kumtazama, akamkuta anatwanga. Nikaonekana mwongo.

Jumatano, 27 Aprili

Anakwenda tena. Nimekuwa nikihesabu. Anamsemesha mzee Ausi mara moja, yule wa Mapinga mara mbili, Kitwana mara kumi na moja. Mimi, tangu tulipoingia uani mpaka tulipotoka, mara nne, na zote kuhusu kuni.

Alhamisi, 5 Mei

Siku nzima mvua. Maji yaliingia uani, matuta ya Kitwana yakasimama. Kila mtu akamsifu. Nami nikamsifu, kwa meno.

Alijua. Aliniambia polepole, wenzake wakimsikia kwa kuwa hawana pa kwenda, "Mwalimu, una jambo na mimi?"

"Sina."

"Kama ni mambo ya mkeo, Mwalimu, yale ni..."

"Usimtaje mke wangu," nikamkata. Akarudi kwenye jembe. Labda ningemwacha amalize sentensi ile moja. Lakini leo, nikiandika hivi, hata hiyo siitaki.

Alhamisi, 12 Mei

Bwana Azzan aliniita barazani akaninywesha kahawa. Ramadhani inakaribia, jina linatakiwa.

Tangu Machi nilijua jina ni lipi. Askari wanajua, wafungwa wanajua, hata wale ambao hawatafunguliwa walikuwa wakisema Kitwana ndiye. Mimi nikasema, "Mzee Ausi."

Akakubali kwa kichwa. "Mzee, ndiyo, anafaa. Nilidhani utamtaja yule Mkwere. Vipi yule?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja: hodari. Kikombe kilikuwa mdomoni. Nikakishusha nikasema, "Ana mkono mwepesi, Bwana. Anawapokonya watu vitu. Na hana adabu kwa wake za watu."

"Kakupokonya wewe?"

"Kampokonya mke wangu leso. Mchana, mbele ya askari wako."

Kila neno ni kweli, nimelisoma tena na tena. Bwana Azzan alikasirika kwa ajili ya heshima yangu. Aliita askari palepale. Nilipokuwa natoka nilisikia mlio wa mkatale unafungwa, ule mti mzito wenye matundu ya miguu. Nilitembea mpaka nyumbani mwepesi, na usingizi nikaupata.

Jumamosi, 14 Mei

Marselina alifika uani na chungu chake akatazama mnyororo wa pili. Ni watu watatu.

"Kitwana yuko wapi?"

Wote waliacha majembe. Walinitazama mimi. Akanitazama na yeye. Alipika, akaosha chungu, akaenda nyumbani peke yake.

Jumatatu, 16 Mei

Hakuna wimbo. Wanainama kila mtu kwa wakati wake, minyororo inawakata shingo. Wa Mapinga ametoka damu.

Ijumaa, 20 Mei

Mvua kubwa. Matuta mawili yamekatika. Niliwaambia wayainue, wakayainua kama nilivyowaelekeza, na jioni yalikuwa yamekatika tena.

Jumatano, 25 Mei

Wameanza kufunga. Marselina anapika futari, muhogo na majani ya kunde. Bakuli moja hutengwa, hupelekwa ndani kwenye mkatale. Hupeleka askari. Nimesimama mlangoni kuhakikisha kwamba ni askari.

Jumapili, 29 Mei

Pentekoste. Marselina nyumbani anasema "ndiyo" na "siyo". Nilitaka asizungumze na yule, sasa hazungumzi na mimi.

Ijumaa, 3 Juni

Mzee Ausi amekufa. Si kiseyeye, fizi zake zilikuwa zimepona kabisa. Homa ya siku mbili. Zilibaki wiki tatu afunguliwe.

Jumamosi, 4 Juni

Naandika kirefu leo, mkono unavyonipa.

Wafungwa wenyewe ndio waliochimba kaburi, nje ya mji, mvua ikiwa imepumzika. Mimi na Marselina tulikwenda. Yeye ndiye pekee wa lugha ya marehemu. Nilishangaa kumwona Kitwana ameletwa, mguu mmoja umevimba kwa mkatale, anachechemea kati ya askari wawili. Nikamuuliza Bwana Azzan kwa nini. Akasema, "Yeye ndiye wa kumzika," akageuka kusema na shekhe.

Sanda ilikuwa imeletwa, watu wamenyamaza. Kitwana akafika ukingoni, akatazama chini, akarukia kaburini. Akajilaza chali, mikono kifuani.

"Limenienea!" akapaza sauti kutoka chini. "Hili langu. Huyo mzee mchukueni mkamtupe porini, Mnyamwezi gani anajua kulala bila mzigo kichwani?"

Nilitazama nione nani atamtoa na kumpiga. Hakuna. Yule wa Mapinga alikuwa anacheka na kamasi zinamtoka. Shekhe alitazama pembeni kwa subira ya mtu aliyeyaona hayo mara nyingi. Na Marselina akasogea mpaka ukingoni, machozi yanamwagika, akamwita, "Toka humo, mchawi wewe! Mwache ndugu yangu alale!"

"Sitoki bure. Nipeni changu. Alinilia mchicha wangu miezi miwili, sasa anataka na kaburi?"

Bwana Azzan mwenyewe akatoa kipande cha tumbaku kwenye mkanda wake, akakitupa ndani. Kitwana akakinusa, akasema haya basi, akainuka. Na palepale sura yake ikabadilika kabisa. Akabaki mlemle kaburini akaupokea mwili wa mzee kwa mikono yake, polepole, akamlaza ubavu wake wa kulia, akamweka vizuri shavu. Hakuna aliyemsaidia wala aliyeomba kumsaidia. Alipopanda juu alikuwa analia waziwazi.

Nilimwambia Bwana Azzan, "Anamtukana maiti, nanyi mnamlipa!"

Akanishangaa. "Mwalimu, kwani hujui utani? Huyu Mkwere, marehemu Mnyamwezi. Wakwere na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao. Atamtukana, atamnyang'anya, atamwita mkewe mke wangu, na siku ya msiba yeye ndiye mwenye kazi. Mimi Mwarabu nimezaliwa hapa, naujua. Wewe ulilelewa wapi?"

Atamwita mkewe mke wangu.

Nililelewa misheni, Bwana. Nilimtazama Marselina ukingoni mwa kaburi, binti wa Unyamwezi, anapangusa uso kwa mkono kwa kuwa leso yake iko na mtani wake.

Jumapili, 5 Juni

Nimemwambia Marselina. Nilianza na kahawa nikamalizia na mkatale, sikuruka kitu.

Alisogeza chungu kando ya moto. Kisha akasema, "Nilichukuliwa nina miaka tisa. Sura ya mama nimeisahau, Kasian. Najaribu, haiji. Jina la mto wetu nimelisahau. Lakini watani sikuwasahau, maana walikuwa wakija kwetu wanachukua kuku wetu, na baba anacheka. Miaka kumi na miwili hapa watu wamenihurumia, wamenifundisha, wamenibatiza. Hakuna aliyenitukana hivyo. Siku ile alipoanza, nilijua kwamba kule nilikotoka kupo kweli."

Nikasema nisamehe.

"Mimi nikusamehe nini? Mtu anakwenda Unguja."

Jumanne, 7 Juni

Nimekwenda mpaka kwenye baraza ya Bwana Azzan nikarudi. Nikisema kweli, atajua nilimdanganya, Padri atajua, mji utajua. Nilijiambia labda Liwali atamhurumia mwenyewe. Nilijiambia na mengine.

Nilipofika nyumbani Marselina hakuniuliza. Aliona miguu yangu haina tope la ua wa gereza.

Jumatano, 8 Juni

Nilimkuta Bwana Azzan uani, amesimama kati ya wafungwa, anatazama matuta yaliyokatika. Nikaomba tuzungumze barazani.

"Sema hapa, nina haraka. Na vizuri umekuja. Uliyemtaja amekufa, nafasi iko wazi. Nitajie mwingine."

"Kitwana."

Akageuka mzima. "Mwizi wa mwezi uliopita leo ndiye mtu bora? Nieleze, Mwalimu. Liwali ataniuliza na mimi."

Minyororo mitatu ilikuwa imenyamaza. Kitwana mwenyewe alikuwa kivulini penye mlango, miguu ndani ya mti.

"Hakuiba kitu, Bwana. Mchicha wote uliousifu ni wake. Matuta yaliyosimama ni yake. Mimi nilipanda kabichi ikaoza. Nilimsema vibaya kwa sababu nilimwonea wivu. Alimwita mke wangu mkewe, nami sikujua."

"Mkeo kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Ilianzia kwa askari. Kisha Bwana Azzan, akashika mbavu, akakaa juu ya ndoo. Kisha wale wote, minyororo inalia kwa kicheko, yule wa Mapinga anarudia "hakujua, hakujua" kwa waliokuwa mbali. Nilisimama pale nikachekwa mpaka walipochoka. Wa pekee ambaye hakucheka alikuwa Kitwana.

Bwana Azzan akajifuta macho. "Na wewe Mwalimu, kabila gani?"

"Sijui, Bwana."

Akaacha kucheka. Akamwamuru askari afungue mkatale.

Jumapili, 12 Juni

Padri amesikia. Mji mzima umesikia. Sokoni muuza ndimu aliniambia, "Mwalimu, leo mkeo kaitwa na nani?" Nimepewa kitubio cha kufyeka makaburi yote ya misheni.

Alhamisi, 16 Juni

Wimbo umerudi. Matuta yanainuliwa kwa wimbo. Nimekaa chini kwa mara ya kwanza nikamuuliza Kitwana anavyokadiria mteremko. Alinijibu yote, kwa adabu. "Ndiyo, Mwalimu. Hapana, Mwalimu."

Jumanne, 21 Juni

Yule wa Mapinga na wengine kumi wanabaki, watavushwa baada ya Idd. Marselina amewapikia mchicha wa futari na kukamua ndimu zote zilizobaki. Amewafundisha kukausha majani ya kunde wachukue. Walikula bila kuambiwa.

Alhamisi, 23 Juni

Idd. Kitwana amefunguliwa saa mbili asubuhi. Njia yake ya Fukayosi haipiti misheni, lakini alipita.

Hakupiga hodi. Aliingia uani kwetu moja kwa moja, shingo ina alama nyeusi pande zote, kanzu ya kuazima, na leso ya Marselina kiunoni. Akatazama huku na huku kama mwenye nyumba. Tuna kuku wawili. Akamkamata yule mkubwa, akamfunga miguu kwa uzi.

"Mke wangu, nyumba yako inanuka. Huyu ndiye atakayenitoa njaa njiani."

"Peleka, mwizi! Akukwame kooni ufe kabla ya Fukayosi, nije nicheze juu ya kaburi lako!"

"Hutanizika wewe, utakuwa umekufa kwa uvivu." Akajifunga leso vizuri zaidi. "Hii nayo nimeipenda."

Marselina alikuwa amejishika kwenye nguzo ya mlango kwa kucheka. Nami nilisimama katikati ya ua na jembe mkononi. Wivu ulikuwepo, palepale, na kwa mara ya kwanza niliujua ni wa nini. Nilitaka aseme mimi ni punda. Aseme bustani yangu ni makaburi ya kabichi, aseme mume wa mke wake ni mjinga asiyejua alikotoka. Achukue jembe langu, achukue shati la Jumapili.

Alinigeukia. Uso ukatulia. Akamhamishia kuku mkono wa kushoto, akaupangusa wa kulia kwenye kanzu, akanipa.

"Ahsante, Mwalimu. Mungu akuweke."

Nikaushika mkono ule muda mrefu kuliko inavyofaa, nangojea tusi. Akautoa taratibu, akaenda zake.